Goti Jipya la Shangazi

Lushebere, tarehe 6 Februari 2022

Mdogo wangu Sebahire,

Salamu katika jina la Bwana, kwako, kwa mama Mahoro na kwa wote wa nyumba yako huko msituni Itebero. Barua yako imefika ikinuka mawese, maana yule motari wa pikipiki aliibana kati ya bidoni zake za mafuta. Nilianza kuisoma nimesimama, kisha goti likaniambia kaa chini, nikaimaliza nimekaa.

Kwa hiyo Mahoro wetu anaolewa na Cyusa! Kijana huyo namjua tangu alipokuwa akichunga ndama za baba yake bila suruali. Kwao ni kilima kile cha ng'ambo. Ukisimama mlangoni kwangu unaona moshi wa jiko lao. Ni watu wa ng'ombe na wa kanisa, hawana makelele. Nimefurahi hadi nikamwaga maziwa.

Unaniuliza kama nitaweza kumfikisha bibi arusi. Sebahire, baba yetu alizaa binti mmoja tu. Nani mwingine atamshika Mahoro mkono, ashuke naye hadi mtoni, apande naye hadi kwa mama mkwe, akae naye kwenye mkeka na kuonja maziwa kabla yake? Hiyo ni kazi ya shangazi, na shangazi ni mimi. Tatizo ni goti. Siku hizi hata kwenda chooni ni safari ya kuaga watu.

Mwanangu Bisengimana alinipeleka Goma kwa daktari wa mifupa. Daktari akapiga picha, akaiweka kwenye mwanga, nikaona mifupa yangu inavyosagana, jiwe kwa jiwe bila mtama katikati. Anataka kuliondoa goti hilo na kuniwekea jipya, la chuma na plastiki. Kwanza nilidhani ananitania. Akaniuliza pia maswali mengi kuhusu mwili wangu wote, akasema maneno marefu. Hayo nitakueleza tukionana.

Nikikubali, huenda nikamfikisha mwanao. Nikikataa, atafikishwa na mtu mwingine. Nishauri.

Na mwandiko wa barua yako si wako. Umekuwa mkubwa kiasi cha kuajiri karani?

Dada yako,
Verdiane

Itebero, tarehe 27 Februari 2022

Dada Verdiane,

Barua yako tumeisoma kwa sauti hapa nyumbani, na watoto wameomba niirudie pale kwenye suruali ya Cyusa.

Anayeniandikia ni jirani yangu, mwalimu Floribert. Mwandiko wake ni mzuri, nami ninasema huku namenya karanga, kila mtu na kazi yake. Ungeweza kunipigia simu, lakini rezo huku inashika juu ya kilima tu, na mambo ya goti la dada yangu sitaki kuyapigia kelele mbele ya watu wote waliopanda kuitafuta.

Ushauri wangu ni mfupi: nenda ukakatwe. Nilimwambia Mahoro kwamba binamu yetu Joséphine-Marie anaweza kutoka Shasha kushika nafasi yako. Alinuna hadi chakula kikapoa. Akasema: "Papa, kama Masenge hawezi tembea, miye pia siendi. Nitamungoya." Unajua jinsi anavyolitamka neno hilo la nyumbani, kana kwamba duniani kuna shangazi mmoja. Wewe ndiye uliyemlea mwaka ule mama yake alipougua, na hajasahau.

Arusi ni baada ya kuvuna maharagwe, katikati ya mwezi wa saba. Nitambariki hapa mlangoni kwangu na kumtuma kwako, maana baba hamfuati binti kwa mumewe. Kutoka kwako yuko mikononi mwako.

Nimemkumbuka mama yetu. Alipokuwa akilala kwenye mkeka mchana, akina mama wa kijiji walipita wakisema: "Ule muvivu, iko najifanya mugonjwa." Alikufa bila kupata mtu wa kumwamini. Wewe umepata daktari mwenye picha. Mshukuru Mungu kwa ile picha.

Mimi ni mzima. Nina nguvu kama shoka jipya.

Ndugu yako,
Sebahire

Lushebere, tarehe 10 Aprili 2022

Mdogo wangu,

Nimekatwa, nimeshonwa, ninaishi.

Walinidunga sindano mgongoni, miguu ikaenda zake, nikabaki na kichwa tu nikisikia nyundo inagonga. Nilimuuliza daktari kama kitanda anachokitengeneza kitakuwa tayari kabla ya jioni. Wauguzi walicheka hadi akawanyamazisha.

Kesho yake akaja mama mmoja mnene, mwalimu wa kutembea, ambaye hospitalini wanamwita kine. Nilidhani amekuja kunipa pole. Akasema: "Mama, simama." Nikamuuliza: "Wewe hauna mama kwenu?" Akajibu: "Niko naye, na yeye pia ningemusimamisha." Nikasimama. Nililia, nikamwita majina ambayo padri asiyasikie, naye akaendelea kulikunja goti langu kila asubuhi bila haya. Mwisho tulipendana. Siku ya kuagana alinishika bega akasema: "Mama Verdiane, hii goti haiogopi kazi. Inaogopa kitanda."

Sasa niko nyumbani na magongo yangu. Niyigena, mke wa Bisengimana, ananitunza kama yai. Mwambie Mahoro ashone nguo. Joséphine-Marie abaki na samaki wake Shasha.

Nimepona kabisa, Sebahire. Kabisa.

Verdiane

Lushebere, tarehe 15 Mei 2022

Papa Sebahire,

Nakusalimu kwa heshima. Ni mimi Niyigena, mkaza mwana wa dada yako. Nakuandikia bila Mama kujua, na ninakuomba usinitaje.

Mama hajapona. Asubuhi nikimpelekea maji namkuta anaguna. Siyo goti tu, anashika mabega, kiuno, vidole, siku nyingine hata blanketi hataki limguse. Nikimuuliza anasema: "Haiko kitu, nilikuwa naimba." Papa, hakuna wimbo wa namna hiyo.

Ninaogopa ile chuma imeharibika ndani na sumu yake inapanda mwilini. Nimefanya ninavyoweza. Nimemlaza kama mama aliyejifungua, magongo nimeyaficha nyuma ya mapipa ya maziwa, hakanyagi hata uwanja. Akina mama wa kanisa wanaleta uji wa mtama na nyama. Anakula huku ametukasirikia. Jana nilimwinua nikaona goti halikunjiki vizuri kama alipotoka Goma, ndipo nikajua hali inazidi kuwa mbaya.

Nampenda Mama, nisingependa aanguke mtoni mbele ya wakwe. Tafadhali umtafutie Mahoro shangazi mwingine.

Mtoto wenu,
Niyigena

Itebero, tarehe 29 Mei 2022

Dada Verdiane,

Kuna ndege amepita huku Itebero akaimba kwamba hauko sawa. Usiniulize ni ndege gani.

Kwa nini ulinificha? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ninakuomba, mimi mdogo wako: lala. Usikanyage chini. Kula unacholetewa, acha wanao wakutunze, uzee una haki zake. Nimeshamtumia Joséphine-Marie ujumbe Shasha, na amekubali. Mahoro nitamweleza mwenyewe. Atalia, lakini machozi ya bibi arusi hayaui.

Labda walikosea kukukata. Nisamehe mimi niliyekusukuma.

Sebahire

Lushebere, tarehe 12 Juni 2022

Sebahire,

Ndege wako anaitwa Niyigena, na anapika sombe nzuri kuliko ndege wote. Sijamgombeza sana. Nimemwambia tu arudishe magongo yangu, na ameyarudisha akilia.

Sasa nisikilize, na Floribert aandike jibu lako baada ya wewe kufikiri, siyo kabla.

Yale maneno marefu ya daktari ni haya. Aliniuliza: "Mama, tofauti na goti, ni wapi pengine panaumia?" Nikamjibu: "Uliza pale haiumie, tutamaliza mbio." Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaniambia kuna ugonjwa wa maumivu ambao hauonekani kwenye picha, unakaa mwilini miaka na miaka, na mwenye nao si mvivu wala mwongo. Akasema: "Goti nitatengeneza. Ile ingine ya mwili muzima sina kisu yake. Itabakia, na siku zingine itakuwa kali. Utakubali vile?" Nikakubali. Aliahidi goti, na goti amelitoa. Kwenye goti hilo sina malalamiko.

Kwa miaka mingi maumivu yangu yote niliyaita goti. Kwa nini? Goti lilivimba, watu waliliona, walinipa kiti. Bega langu nani angeliamini? Adhabu ya kaburi aijua maiti. Tulipokuwa wadogo tulisikia wote wawili walivyomsema mama, nami niliapa hawatanisema hivyo. Basi nilipokuandikia nimepona kabisa, niliogopa wewe. Niliogopa useme, amepewa hata goti la chuma na bado analia, kumbe ni yaleyale ya mama. Hilo lingeniuma kuliko nyundo ya daktari.

Lakini mlichonifanyia ni kibaya zaidi, na mmekifanya kwa upendo, ndiyo maana nashindwa hata kuwakasirikia vizuri. Mmenilaza! Kine alisema goti hili linaogopa kitanda, na ninyi mmelipa kitanda, uji na blanketi. Haligandi kwa sababu ya chuma kuharibika. Linaganda kwa sababu ya uji wa akina mama wa kanisa.

Joséphine-Marie mwambie asubiri. Mlete Mahoro mapema, anitembeze. Nikishindwa kufika mtoni kabla ya arusi, nitatuma mwenyewe ujumbe Shasha, na nitamfunga binamu yetu kitambaa kichwani kwa mikono yangu.

Na wewe je? Unaniambia nguvu za shoka, lakini mwandiko wako nimeshausahau.

Verdiane

Lushebere, tarehe 3 Julai 2022

Papa mpendwa,

Nimefika salama, matope yalikuwa mpaka kwenye kiti cha pikipiki. Maneno uliyonituma kwa Masenge nimeyasema yote, hata lile la kuomba msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mutoto huyu baba yake alimufundisha kusema vizuri. Leta magongo."

Kila asubuhi tunatoka nyuma ya ng'ombe wakienda malishoni. Masenge mbele na gongo moja, mimi ubavuni, Niyigena nyuma na kigoda cha kukamulia, Masenge akichoka anakaa. Mwanzoni Niyigena alikuwa analia kila Masenge akiguna. Sasa amezoea. Hapa nyumbani tuna swali letu, tunamuuliza hata kabla ya kusalimia: "Masenge, leo ni goti ao ni mwili?" Akisema goti, tunapunguza mwendo. Akisema mwili, tunajua kutembea hakumharibu, lakini tunamwacha achague. Siku nyingine anachagua kitanda, nasi tunakaa naye, hatumlazi sisi. Siku nyingine anatoka tu, anaguna njia nzima na ng'ombe wanageuka kumtazama.

Papa, mtoni tumefika! Niyigena alipiga kigelegele hadi mama wa Cyusa akatoka nje kwao kuangalia nani amezaa.

Lililobaki ni mkeka. Goti linakunjika kwa kilima, lakini kukaa chini miguu imekunjwa kwake ni kazi nzito, na kuinuka ni nzito zaidi. Niyigena anaogopa wakwe watasema shangazi asiyekaa kwenye mkeka ameidharau nyumba. Masenge anasema tutaona hukohuko. Mimi nimesema naolewa Masenge akiwa mbele yangu ao siolewi. Usinikasirikie.

Baraka yako ya mlangoni bado iko kichwani pangu.

Mwanao,
Mahoro

Lushebere, tarehe 17 Julai 2022

Mdogo wangu Sebahire,

Mwanao amefika kwake. Nimemfikisha mimi.

Jana niliamka vibaya. Mahoro, na kitambaa chake cheupe kichwani, aliniuliza: "Ni goti ao ni mwili?" Nikamwambia ni mwili, mwili wote, hadi nywele. Hakunisihi, hakunilaza. Nikamwambia nipe gongo.

Tulishuka polepole sana. Waimbaji wa kanisa walimaliza nyimbo zao zote wakaanza upya. Mtoni Bisengimana alitaka kunibeba mgongoni, nikamwambia akambebe mke wake. Nilivuka juu ya mawe nikiwa nimeshika mkono wa Mahoro, na kusema kweli sijui nani alikuwa anamfikisha nani. Kwenye kupanda kilima nililia kidogo. Watu walidhani ni kilio cha shangazi, wakaniona nina adabu.

Tulipoingia kwa wakwe, mkeka ulikuwa umeshatandikwa, mzuri, mpya, na mama wa Cyusa akiwa amekaa upande wake na chombo cha mti kimejaa maziwa. Wote wakaningoja nikae. Ndipo Niyigena akafungua kikwembe chake, akatoa kile kigoda cha kukamulia. Alikibeba njia nzima chini ya nguo, Sebahire, nami nilidhani amenenepa. Akakiweka katikati ya mkeka. Nikakaa, mguu nimeunyoosha mbele kama mti ulioangukia njia, nikawaambia: "Tumeleta kiti ya kukamulia mu nyumba ya watu ya ng'ombe. Kama iko matusi, museme." Baba wa Cyusa ndiye aliyeanza kucheka, na wengine wakafuata.

Kisha bibi yake Cyusa, yule mzee anayekaa karibu na moto, akajisogeza hadi miguuni pangu. Akaliwekea goti mkono, akalibonyeza kama mtu anayechagua parachichi. Akauliza mbele ya watu wote: "Hii chuma iko nakuumiza?"

Neno la nimepona lilikuwa tayari mdomoni. Nilimtazama Mahoro. Nikasema: "Mama, mabega inaniuma. Mikono inaniuma, kiuno, siku zingine hata ngozi. Hii goti njo pekee haiumi. Mwili yangu muzima inauma, pasipo tu hii pahali haiko yangu."

Hakuna aliyecheka. Nilingoja mtu aseme lile neno walilomwambia mama. Nililingoja kweli. Yule bibi akaendelea kushika goti langu, akasema taratibu: "Miye pia. Tangu zamani. Sijawahi kusema." Halafu akamgeukia mama wa Cyusa na kumwagiza kwa sauti: "Mupe miye pia kiti."

Basi nilionja maziwa nikiwa juu ya kigoda, bibi juu ya kigoda chake, na bibi arusi chini katikati yetu, akinywa na kulia na kucheka. Mama yetu angekuwepo, ningempa kigoda changu na kusimama. Nimerudi kwa pikipiki kupitia barabara ya juu, nimelala mchana kutwa leo, nimevimba kila mahali, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Sasa nakuuliza na wewe swali la nyumba yetu. Ni nini, Sebahire? Usimwambie Floribert. Niandikie mwenyewe.

Dada yako,
Verdiane

Itebero, tarehe 7 Agosti 2022

Dada,

Usicheke mwandiko. Floribert ameniachia kalamu akatoka nje.

Ni mwili. Vidole, mabega, mgongo. Ni tangu mvua za mwaka juzi. Karanga nilizosema namenya, alikuwa anamenya mke wangu. Yeye tu alijua. Niliogopa lile neno, kama wewe.

Barua hii nimeianza asubuhi, sasa kuku wanaingia ndani. Mkono umechoka.

Karanga zikiisha kuvunwa nitapanda huko. Niwekee kigoda.

Sebahire